Mafunzo ya usalama wa mionzi kwa watafiti wa vyuo vya Dar: Tume, mtandaoni, maabarani au Accra?

Mwanafunzi wa uzamili ameambiwa na msimamizi wake kwamba haingii chumba cha isotopu, yaani atomi zinazotoa mionzi, mpaka alete cheti cha usalama wa mionzi. Anauliza huku na huku. Mmoja anamwambia asubiri kozi ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Mwingine anamwambia ajisajili mtandaoni, Jumamosi moja inatosha. Fundi sanifu wa maabara anamwambia, "Njoo Jumatatu nikuonyeshe, hayo mengine makaratasi tu." Na hakosi daktari mmoja wa kumshauri aombe nafasi kwenye kozi ndefu ya Accra, Ghana. Wote wanne wana hoja, ndiyo maana anakwama.

Ulinganisho huu ni wa watafiti wa vyuo vilivyopo Dar es Salaam: wa Mlimani, wa Muhimbili, na wale wenye miradi ya pamoja na hospitali au taasisi za utafiti. Wataalamu wa eksirei na tiba ya saratani wana njia yao ya mafunzo, siigusi hapa.

Kilichopo mezani kwako kwanza

Ndani ya chuo kimoja watu wawili wanaweza kuandikwa kwenye daftari moja la wafanyakazi wa mionzi, ilhali hatari zao hazina undugu wowote.

Mtu wa baiolojia ya molekuli anatumia fosforasi-32 kutia alama DNA. Nusu-maisha yake, yaani muda wa mionzi yake kupungua kwa nusu, ni siku 14.3, kwa hiyo kifurushi kikikwama uwanja wa ndege wiki mbili kwa kukosa kibali, nusu ya ulicholipia imeshakwenda. Beta zake, yaani elektroni inazozirusha, ni kali, nishati yake hufika MeV 1.71, na hewani zinaweza kusafiri mita kadhaa. Kinga yake ni pleksiglasi, plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, yenye unene wa sentimita moja hivi. Anayekimbilia bati la risasi kwa kudhani kilicho kizito ndicho kinachokinga anajitafutia tatizo jingine, maana beta kali zikigonga metali nzito huzaa eksirei.

Jirani yake anatumia tritiamu, na hapo mambo yanageuka. Beta za tritiamu ni dhaifu kiasi kwamba hazipenyi hata tabaka la juu la ngozi. Kipimo cha Geiger kitakaa kimya juu ya meza iliyochafuka, na beji ya kupimia dozi, yaani mionzi anayoipata mtu, iliyo kifuani haitaona kitu. Njia ni kufuta meza kwa kipande cha karatasi, kukitumbukiza kwenye kimiminika cha sintilesheni, kinachotoa mwanga kikipigwa na mionzi, na kukisomesha kwenye mashine. Hatari yenyewe ni ya kuimeza, kuivuta kwa pumzi au kuiacha ipite ngozini. Anayetumia iodini-125, yenye nusu-maisha ya siku 59, ana wasiwasi wa tatu: inaruka hewani kirahisi, na ikishaingia mwilini inakimbilia tezi ya shingo.

Mjiolojia ana mawe ya fosfati ya Minjingu, au sampuli za urani kutoka eneo la Mto Mkuju kule Namtumbo. Hana kichupa chenye alama ya mionzi. Ana vumbi, na siku ya kusaga ndiyo siku yake ya hatari. Mwanafizikia anayepima sampuli hizo kwa spektrometa ya gama, mashine inayotambua isotopu kwa miale yake, ana vyanzo vidogo vilivyofungwa (isotopu imezibwa ndani ya kasha) vya kusawazishia mashine: siziamu-137 ya nusu-maisha ya miaka 30, kobalti-60 ya miaka 5.3, amerisiamu-241 ya miaka 432. Vikiwa vizima na mahali pake havina ugomvi na mtu, ila ni vidogo, na kitu kidogo kinapotea kwenye droo. Mtaalamu wa udongo ana kipimo cha unyevu chenye amerisiamu na beriliamu ndani yake, kinachotoa nyutroni, na anakipakia nyuma ya gari kwenda nacho shambani Morogoro. Kwake mtihani mkubwa ni barabara na mahali gari litakapolala. Mtu wa wadudu yeye anahitaji mashine ya kuwatasisha kwa mionzi, kazi ile ile iliyosaidia kuifuta mbung'o Unguja mwaka 1997 kwa madume tasa yaliyofugwa Tanga. Chanzo cha mashine hiyo ni kikubwa kuliko vyote nilivyovitaja, na mtumiaji hakigusi kabisa. Anachopaswa kukijua kama jina lake ni milango na kufuli za usalama.

Nimerefusha hapa makusudi. Nikiulizwa kozi ipi ni nzuri, swali langu la kwanza ni isotopu gani, imefungwa ndani ya kasha au iko wazi kama kimiminika cha kichupani, na kiasi gani. Asiye na majibu hayo hajafika hatua ya kuchagua kozi.

Vigezo

Nimezitazama njia nne kwa vigezo vitano, kwa mpangilio wa uzito ninaoupa mimi. Wewe unaweza kuupindua.

Cha kwanza ni kilichomo: je, kozi inagusa aina ya chanzo unachoshika, au inazungumzia mionzi kwa ujumla? Cha pili ni mikono: utafanya, au utasikiliza tu? Cha tatu ni cheti: nani atakikubali? Cha nne ni muda na fedha, pamoja na usumbufu wa kusafiri. Cha tano kinasahaulika sana: baada ya kozi, ukipata swali saa kumi jioni ukiwa na glovu mkononi, utamuuliza nani?

Kozi fupi ya Tume

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ndiyo msimamizi wa matumizi ya mionzi nchini kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Inatoa leseni, inakagua, inasoma beji za dozi za wafanyakazi, na huendesha mafunzo mafupi ya kinga ya mionzi kwa wanaofanya kazi hizo.

Kilichomo. Hapa ndipo utakapoisikia sheria kutoka kwa wanaoisimamia. Nani anawajibika, leseni inataka nini, kumbukumbu zipi lazima zitunzwe, chanzo kinaingizwaje nchini na kinaondokaje mikononi mwako kikichoka. Utapewa vikomo vya dozi: kwa mfanyakazi, milisieverti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, bila kupita 50 katika mwaka wowote, kwa mwananchi wa kawaida, milisieverti 1. Mjamzito akishatoa taarifa, mtoto aliye tumboni analindwa kwa kiwango cha mwananchi, yaani hiyo milisieverti 1. Utasikia pia habari ya Goiânia, Brazili, mwaka 1987, ambako chanzo cha siziamu-137 kilichotelekezwa kwenye kliniki ya zamani kilibomolewa na waokota vyuma. Watu wanne walikufa na mamia wakachafuka. Wengine husinzia ikifika hapo. Lakini chuo chenye stoo ambayo haijafunguliwa tangu profesa mwenye funguo astaafu kina sababu ya kukaa macho.

Udhaifu wake unatokana na mchanganyiko wa watu ukumbini. Mara nyingi anayekaa kushoto kwako ni wa eksirei ya hospitali, wa kulia ni wa kiwandani au mgodini, na wewe wa pipeti uko peke yako. Mwalimu anasema na wengi, na wengi wanatumia mashine na vyanzo vilivyofungwa. Mambo ya meza iliyomwagikiwa na maikrolita tano huenda yakapata nusu saa.

Mikono. Ipo, kwa kiasi. Utashika kipimo, utaona namna kinavyosoma ukisogea mbali, na hapo ile kanuni ya umbali itakuingia: kwa chanzo kidogo cha gama, kutoka sentimita 10 kwenda 50, mionzi inapungua mara 25. Utaratibu wa majaribio yako mwenyewe hutaufanyia mazoezi.

Cheti. Kwa matumizi ya hapa nchini, hiki ndicho chenye nguvu. Mkaguzi anakitambua, kamati ya chuo inakitambua, na kama jina lako linapelekwa kwenye maombi ya leseni kama afisa usalama wa mionzi, usiende na pungufu ya hiki.

Muda na fedha. Ni siku chache, lakini ni siku zilizopangwa na mwingine, na si lazima ziangukie Dar. Ada, nauli na malazi viingize kwenye bajeti ya mradi mapema, maana wakati wa kozi ukifika mhasibu wa chuo hatakuwa na haraka yako.

Baada ya kozi. Unaondoka na namba za watu. Hii ni faida kubwa kuliko inavyosemwa. Siku utakayokuta kichupa kisicho na lebo nyuma ya friji, kumjua mtu wa Tume kwa sura kunafupisha mambo.

Inamfaa msimamizi wa maabara, afisa usalama wa mionzi wa chuo, na mtafiti mwenye vyanzo vilivyofungwa.

Kozi za mtandaoni

Hapa kuna makundi mawili, na tofauti yake ni kubwa. Kuna mafunzo ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, ambalo Tanzania ni mwanachama tangu 1976. Shirika lina jukwaa lake la kujifunzia. Unafungua akaunti bure na kusoma kwa mwendo wako. Kundi la pili ni kozi za vyuo vya nje, hasa Marekani, zilizotengenezwa kwa ajili ya watafiti wao.

Kilichomo. Kwa nadharia, mtandao unaizidi semina yoyote ya siku tatu. Unaweza kurudia somo la beta na kinga yake mpaka likukae, kusimamisha video, kutafuta neno. Kama fizikia uliiacha kidato cha nne, anzia huku, usione haya.

Tatizo ni la hizo za vyuo vya Marekani. Zinaongea kwa remu na kyuri wakati sisi tunaandika dozi kwa sieverti na ukali wa chanzo kwa bekereli. Kubadili si kazi: remu 1 ni milisieverti 10, milikyuri 1 ni megabekereli 37. Ila sheria yenyewe ni nyingine. Kikomo chao kwa mfanyakazi ni remu 5 kwa mwaka, yaani milisieverti 50, bila ule wastani wa 20. Taratibu zao za nini kinaruhusiwa kumwagwa kwenye sinki na nini hakiruhusiwi ni za leseni zao. Mtu akizibeba zote mzimamzima kuja nazo Upanga, cheti chake kinang'aa na maabara yake inavunja masharti.

Tena zimeandikwa kwa mazingira ambamo umeme haukatiki. Kabati la kuvuta hewa likizima katikati ya kazi ya iodini unafanya nini? Unafunika kichupa, unashusha kioo cha kabati, unatoka na kufunga mlango, na hurudi mpaka feni imerudi na imezunguka kwa muda. Sentensi moja tu, na sijaiona kwenye kozi yoyote ya huko. Wala hakuna anayekuambia kwamba kwa joto la Februari, kiyoyozi kikiwa kimekufa, vidole vinaloa ndani ya glovu mbili ndani ya dakika chache, utataka kuzivua ovyo, na kuvua glovu ovyo ndiyo njia fupi ya kujichafua kiganja.

Mikono. Hakuna. Kuna kubofya jibu sahihi, tena ukikosea unarudia.

Cheti. Cha IAEA kinaheshimika kama ushahidi wa kusoma. Kwa kamati nyingi kinatosha kuanzia, hakitoshi kumalizia. Vyuo vya nje navyo vitakutaka ufanye kozi yao ukifika, hata ukija na vyeti kumi.

Muda na fedha. Ni saa kadhaa na bando. Kwa anayeishi Mbagala na kusoma Mlimani, kuikwepa foleni ya siku tatu ni akiba halali. Angalizo moja: masomo mengi ni ya Kiingereza, na mafundi wasaidizi wanaosafisha vyumba hivyo hivyo hawatafaidika nayo.

Baada ya kozi. Huna wa kumuuliza.

Inamfaa anayeanza kabisa, anayesubiri kozi ya Tume, anayehitaji kujikumbusha, na anayesoma data tu bila kugusa chanzo.

Mafunzo ya maabarani

Hii ndiyo njia ya fundi sanifu: afisa usalama wa mionzi wa chuo, au mtafiti mzoefu, anakuchukua wewe na wenzako wawili na kuwapitisha kwenye kazi yenyewe, ndani ya chumba chenyewe, kwa vifaa vyenyewe.

Kilichomo. Kinategemea mtu anayefundisha, na hapo pana faida na hasara kwa pamoja. Akiwa mzuri, unajifunza chumba: sinki lipi ni la mionzi, kopo lipi la taka ni la nusu-maisha fupi na lipi ni la ndefu, ufunguo unakaa kwa nani, kipimo kipi kina betri iliyochoka. Unajifunza kwamba taka za fosforasi-32 zinawekwa zioze zenyewe kwa nusu-maisha kumi, karibu siku 143, zibaki kama sehemu moja ya elfu, kisha zinapimwa kabla ya kutoka. Na kwamba ujanja huo haufanyi kazi kwa kaboni-14 yenye nusu-maisha ya miaka 5,730. Akiwa mbaya, unarithi mazoea yake. Nimeona maabara moja ambako makoti yalitundikwa, pamoja na beji zake, kwenye misumari iliyo mgongoni mwa kabati la vyanzo. Beji zikawa zinapima kabati usiku na mchana. Kila mgeni alielekezwa msumari wake siku ya kwanza, akatundika.

Mikono. Hapa hakuna njia inayoikaribia. Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji hata tone la isotopu. Kichupa kinajazwa maji yenye fluoresini, rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Mwanafunzi anafanya kazi yote kama ya kweli: anatandika karatasi ya kunyonya, anavaa glovu mbili, anasimama nyuma ya pleksiglasi, anavuta maikrolita tano, anatupa ncha ya pipeti, anafunga, anafuta, anavua glovu, ananawa. Halafu taa zinazimwa. Kijani kinaonekana kwenye kalamu. Kwenye kitasa cha mlango. Kwenye kioo cha simu, maana simu iliita na mtu akaitazama tu nani anapiga. Mara nyingine kinaonekana juu ya sikio, pale barakoa iliporekebishwa. Hakuna slaidi inayofundisha hivyo. Akilirudia zoezi mara ya pili, simu inabaki nje bila kuambiwa.

Cheti. Dhaifu, au hakipo. Karatasi iliyosainiwa na afisa usalama inatambulika ndani ya chuo chako, nje ya hapo si kitu. Ila daftari la mafunzo likiwa na tarehe, mada, saini ya mwalimu na ya mwanafunzi, linahesabika siku ya ukaguzi. Maabara nyingi zinafundisha vizuri na haziandiki, na mkaguzi hawezi kusoma kisichoandikwa.

Muda na fedha. Bure kwa mwanafunzi. Anayelipa ni mwalimu, kwa muda wake, na mara nyingi bila posho wala kutambuliwa kwenye tathmini ya kazi. Ndiyo maana mafunzo haya hufa mtu mmoja akihama.

Baada ya kozi. Unayemuuliza yuko chumba cha pili.

Inamfaa kila atakayeshika chanzo kilicho wazi, bila kujali ana vyeti gani. Kama ni lazima kuwe na neno moja ninalolisisitiza humu, ni hilo.

Kozi ndefu ya Accra

IAEA inaunga mkono kozi ya uzamili ya kinga ya mionzi na usalama wa vyanzo. Kwa Afrika inayotumia Kiingereza hufanyika Ghana, na huchukua takribani miezi sita. Sitakaa sana hapa, kwa sababu wengi wanaosoma ulinganisho huu hawaihitaji.

Kilichomo ni kila kitu: fizikia, baiolojia ya mionzi, sheria, kupima, kupanga kinga, dharura, taka, usafirishaji, na jinsi ya kufundisha wengine. Mikono ipo ya kutosha, maabarani na kwa ziara. Cheti kinakubalika bara zima. Fedha mara nyingi hutoka kwa ufadhili wa Shirika, lakini maombi hupitia serikalini, kwa hiyo usitegemee jibu la wiki mbili. Na chuo kinapaswa kukubali kukukosa kwa muhula mzima. Baada yake unabaki na wenzako wa nchi nyingine wa kuwaandikia, na hiyo si haba.

Inamfaa anayetaka kuwa afisa usalama wa mionzi wa chuo kizima, au mwalimu wa wengine. Mtu wa tasnifu ya miaka miwili ataitumia miezi yake vibaya.

Zinavyoingiliana

Watu huzilinganisha kama mtu anachagua moja na kuziacha nyingine. Kwa vitendo zinapangwa moja juu ya nyingine, na mpangilio una maana. Mtandao ukitangulia, mafunzo ya maabarani yanakwenda haraka, kwa sababu mwalimu haanzi na beta ni nini. Kozi ya Tume ikija baada ya wiki chache za kazi, unaingia ukumbini na maswali yako, huishii kunakili slaidi. Kinyume chake, aliyepata cheti kabla ya kuiona maabara mara nyingi anakuja na ujasiri usio na kazi.

Kuna na suala la kujikumbusha. Mafunzo ya miaka mitano iliyopita hayamsaidii mtu aliyehama kutoka salfa-35 kwenda iodini. Isotopu ikibadilika, au chumba kikibadilika, rudini kwenye zoezi la fluoresini. Linachukua asubuhi moja.

Na kabla ya kulipia chochote, muulize mwandaaji wa kozi maswali matatu tu. Itahusu vyanzo vilivyo wazi kwa saa ngapi? Nitashika kipimo mimi mwenyewe? Cheti kinaandika mada, au kinaandika "amehudhuria"? Akijikanyaga kwenye swali la kwanza, umeshapata jibu.

Kwa hali yako

Mwanafunzi wa uzamili utakayetumia fosforasi-32 au tritiamu kwa miezi michache: soma mtandaoni wiki hii, kisha dai mafunzo ya maabarani yenye zoezi kavu, lile la fluoresini, kabla ya kufungua kichupa cha kweli. Kozi ya Tume ikitokea karibu, nenda, lakini usiisubiri kama mlango wa kuanzia, isipokuwa leseni ya chuo au kamati yako imesema lazima. Na kama utatumia tritiamu peke yake, usikubali beji iwe ndiyo kinga yako; uliza ratiba ya kufuta meza na nani anazisoma karatasi hizo.

Mjiolojia au mwanafizikia wa sampuli za asili: somo lako ni vumbi, barakoa, na hesabu ya vyanzo vya kusawazishia. Mtandao unakutosha kwa nadharia. Maabarani uonyeshwe mahali pa kusagia na daftari la vyanzo. Kama wewe ndiye mwenye ufunguo wa vyanzo hivyo, nenda Tume.

Mtu wa kipimo cha nyutroni au mashine ya kuwatasisha wadudu: kozi ya Tume kwanza. Sheria ya usafirishaji na ulinzi wa chanzo ni kubwa kwako kuliko ufundi wa pipeti, na ajali ya barabarani Chalinze haitatatuliwa na kozi ya kubofya.

Mtafiti mjamzito, au anayepanga kuwa: njia yoyote utakayochagua, zungumza na afisa usalama mapema, kwa maandishi. Mafunzo ya maabarani yana faida ya ziada kwako, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo kazi inaweza kupangwa upya papo hapo, nani ashike nini na nani akae upande wa data.

Aliyerudi kutoka masomoni nje akiwa na cheti cha chuo cha huko: cheti hicho kinaonyesha unajua kanuni. Sheria ya hapa na chumba cha hapa bado. Pata nusu siku na afisa usalama wa chuo, na uliza hasa habari ya taka. Kwa vyanzo vilivyochoka kuna kituo cha Tume cha Arusha, na utaratibu wa kuvifikisha huko hauko kwenye kozi yako ya zamani.

Msimamizi mwenye wanafunzi sita na fedha za kumpeleka mmoja: usimchague mwenye alama za juu, mchague atakayebaki chuoni miaka mitatu ijayo, mara nyingi fundi sanifu. Mwandikie kwenye majukumu yake kwamba anaporudi anafundisha, na mpe saa za kufanya hivyo. Wengine watano waanze mtandaoni akiwa safarini, na akirudi awapitishe mmoja mmoja, kila mmoja akisaini daftari. Mpeleke huyo kozi ya Tume badala ya kwenda wewe, hata kama jina lako ndilo lililo kwenye mradi, kwa sababu siku mkaguzi atakapogonga mlango wewe utakuwa kwenye kikao.